Bingwa wa Uganda hana tiketi ya Olimpiki mkononi
Kampala utasikia: "Huyu ndiye bingwa wa taifa wa mieleka, basi Olimpiki ni yake." Sivyo. Ubingwa wa nyumbani humfikisha kwenye mchujo tu. Kwa Paris 2024 kila uzani ulipangiwa wanamieleka 16: watano kutoka Mashindano ya Dunia ya 2023, wawili kutoka kila mchujo wa kanda, ambayo ilikuwa minne, na watatu wa mchujo wa mwisho. Afrika ilichujwa pamoja na Oceania. Walipita waliofika fainali, shaba haikutosha. Tena nafasi ni ya nchi, si ya mtu: kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo yaweza kumpeleka mwingine wa uzani uleule. Na mizani haina huruma. Vinesh Phogat wa India, uzani wa kilo 50, aliondolewa asubuhi ya fainali kwa kuzidi gramu 100 tu.