Bakteria wa baharini: wachache wakali, wengi wasio na habari nasi

Chota kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari. Humo mna bakteria wapatao milioni tano, na karibu wote hawana uwezo wala sababu ya kumfanya mtu augue. Lakini wakitajwa kwenye habari, mara nyingi ni kwa sababu moja: fulani kakatwa mguu baada ya kuogelea. Ndivyo uvumi unavyopata miguu.

Dhana: Chumvi huua vijidudu, kwa hiyo maji ya bahari husafisha kidonda

Chumvi huwadumaza bakteria wengi wa nchi kavu, ndiyo maana watu wamehifadhia nyama tangu kale. Waliozaliwa baharini ni habari nyingine. Jamii ya Vibrio huhitaji sodiamu ili ikue. Chumvi kwao ni chakula cha nyumbani. Maji ya chumvi yanayotumika hospitalini yametakaswa na yana chumvi asilimia 0.9 tu. Ya bahari yana kama asilimia 3.5, pamoja na kila kiumbe kinachoogelea humo. Kidonda kibichi ukikitia baharini, umekiongezea wageni.

Dhana: Kuna bakteria "wala nyama" wanaomvizia muogeleaji

Anayesemwa hapa ni Vibrio vulnificus, na hatafuni nyama ya mtu. Anachofanya ni kutoa sumu na vimeng'enya vinavyobomoa tishu na mishipa midogo ya damu, na sehemu iliyokosa damu hufa. Ukali wake si wa kubishania: karibu mgonjwa mmoja kati ya watano hupoteza maisha, wengine ndani ya siku moja au mbili tangu waanze kuumwa. Ila ni nadra. Marekani, ambako wagonjwa wake huripotiwa, mamlaka ya udhibiti wa magonjwa hupokea taarifa za watu kama 150 hadi 200 kwa mwaka, katika nchi ambayo mamilioni huingia baharini.

Huingia kwa milango miwili: jeraha lililoguswa na maji, au chaza walioliwa wabichi. Na hapa ndipo penye kisa chenyewe. Watu wawili wanaweza kula sahani moja ya chaza, mmoja akarudi kwake salama na mwingine akakimbizwa hospitali. Tofauti mara nyingi iko kwenye ini na kwenye madini ya chuma. Mwili wenye afya huyaficha madini hayo ndani ya protini, na Vibrio vulnificus bila chuma hana nguvu. Mwenye ugonjwa wa ini, au ugonjwa wa kurithi unaolundika chuma mwilini, amemwachia ghala wazi.

Dalili ya kushtukia ni maumivu makali kuliko ukubwa wa jeraha, pamoja na ngozi kubadilika rangi, malengelenge yenye damu na homa. Usisubiri kesho. Mwambie daktari kwamba jeraha liligusa maji ya bahari, maana neno hilo moja humsaidia kuchagua dawa sahihi mapema.

Dhana: Maji yakiwa safi, Vibrio hayupo

Yeye si mtoto wa maji taka. Ni mwenyeji, na humstawisha joto la maji na chumvi ya wastani, hasa pale mito inapoingilia baharini. Chaza aliyembeba hana harufu wala ladha tofauti, na ndimu haimuui. Moto ndio humuua.

Dhana: Ugonjwa wa kutoka majini huja kwa kishindo

Si wote. Mycobacterium marinum, aliyetambuliwa mwaka 1926 katika samaki wa jumba moja la maonyesho ya samaki mjini Philadelphia, Marekani, huja polepole: kivimbe kidoleni wiki kadhaa baada ya kusafisha tangi la samaki. Hupenda nyuzijoto 30 hadi 33, chini ya joto la ndani ya mwili, kwa hiyo hukaa mikononi. Tiba yake ni ya miezi.

Dhana: Wa hatari ni wa hatari, wenye faida ni ukoo mwingine

Dhana hii ndiyo hunichosha zaidi. Vibrio natriegens, ndugu wa Vibrio vulnificus, huongezeka maradufu kwa chini ya dakika kumi, ilhali E. coli, bakteria wa tumboni anayetumika sana maabara, huhitaji kama ishirini. Wanasayansi humtaka kwa kuzalisha protini haraka. Ndugu mwingine, Aliivibrio fischeri, hutoa mwanga, na mwanga huo hufifia akikutana na sumu, hivyo hutumika kupima maji.

Bakteria mwingine wa baharini, Alcanivorax borkumensis, hula mafuta ya petroli. Tusimtukuze kupita kiasi: bila naitrojeni na fosforasi za kutosha hufanya kazi kwa kusuasua, na sehemu nzito kama lami hubaki. Salinispora tropica, kutoka matope ya bahari, alitupatia kemikali inayoziba mtambo wa seli wa kuvunja protini. Ikafanywa dawa, ikafika majaribio makubwa ya saratani ya ubongo, na haikurefusha maisha ya wagonjwa. Kupata kemikali na kupata tiba ni mambo mawili.

Dhana: Ukiondoka ufukweni, umeachana nao

Mwaka 2010 watafiti walikuta kwenye matumbo ya Wajapani jeni za kumeng'enya sukari za mwani mwekundu. Hawakuziona kwa Wamarekani waliolinganishwa nao. Bakteria wa tumboni walikuwa wamezichukua kwa bakteria wa baharini, huenda walioingia na mwani usiopikwa, wakazifanya zao.