Kabla katapila halijafika: ninavyopima mimea Nzega

Watu wakinikuta Oktoba nimepiga magoti kwenye majivu ya moto wa nyika, jua la utosi, huniuliza nimeangusha nini. Natafuta mimea. Mimi ni mtu wa botania, na riziki yangu kubwa hutoka kwenye ardhi inayosubiri mgodi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya mradi wa namna hiyo, na ndani ya ripoti ile huwa kuna sura ya mimea. Sura hiyo ndiyo ninayoiandika mimi.

Wengi hudhani ni orodha: mninga upo, mkora upo, tusonge mbele. Orodha tupu haimsaidii mhandisi wala mwanakijiji. Ninachotaka kujua ni mimea gani huishi pamoja, na juu ya udongo gani. Nchi ya huku imepangwa kama ngazi. Kwenye miinuko kuna miombo yenyewe: mtundu, myombo, muba. Ukishuka, miti inafupika, mlama na migunga inaingia. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kumeza gari masika, nyasi tupu na migunga mifupi ambayo miiba yake imevimba na kukaliwa na sisimizi. Vichuguu navyo vina vichaka vyao, tofauti na msitu unaovizunguka, kwa hiyo huvipimia ploti zake, yaani vipande vyake vya kupimia.

Picha za setilaiti hunionyesha ngazi hizo, ila wenyeji wameshazipa majina zamani. Luseni ni kichanga. Itogolo ni ule udongo mgumu wa chini ya mteremko. Mrina asali mmoja aliyetuongoza, baada ya kuitikiana "mwangaluka", aliniangalia nikihangaika na mti uliopukutisha majani yote, akacheka. "Mayu (mama), majani yameshaondoka. Chubua gome kidogo, unuse." Tangu siku hiyo sipangi kikosi bila mrina asali. Anayechuna gome kutengeneza mizinga anaijua miti kiangazi na masika.

Vipimo vyenyewe si fumbo. Kila daraja la ngazi hupata ploti kadhaa za mita 20 kwa 20, sehemu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kabla hatujatoka ofisini. Hili la bahati nasibu nalisisitiza, kwa sababu mguu wa mtu hupenda kivuli na barabara. Ndani ya ploti tunapima kipenyo cha kila mti kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka chini. Vichaka tunavihesabu kwenye eneo dogo zaidi, na nyasi na mimea midogo kwenye mita moja mraba, tukikadiria imefunika sehemu gani ya ardhi. Usichokitambua unakikata, unakibana katikati ya magazeti, unakipeleka kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Taifa iliyoko Arusha. Jina la kubahatisha ni baya kuliko nafasi tupu.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kalenda. Ripoti yangu ya kwanza niliifanya Agosti, kwa kuwa mteja alikuwa na haraka na barabara zilikuwa kavu. Chini ya miti niliandika "nyasi chache zilizokauka". Februari nikapita palepale kwa shughuli nyingine: okidi za ardhini, mikunde inayotambaa, nyasi zimenifika kiunoni, akina mama wanachuma uyoga. Niliona haya. Siku hizi nadai safari mbili: moja baada ya moto, mvua zikikaribia, maana kuna mimea yenye viazi inayotoa maua wakati huo tu, na nyingine masika yakiwa yamekolea.

Ule uyoga si wa kupita tu. Mtundu, myombo na muba hushirikiana na kuvu mizizini, na uyoga mwingi ni tunda la kuvu hizo; kuvu huuletea mti virutubisho kutoka udongo wetu maskini, mti hulipa kwa sukari. Kisha kuna mimea ambayo mbao yake yote imejificha ardhini, juu vinachungulia vichipukizi vya kimo cha kiatu. Moto ukipita, havijali. Ndiyo maana shamba la tumbaku likiachwa Urambo, miombo hurudi yenyewe: visiki na mizizi vilibaki. Mgodi hauachi kisiki. Katapila linaondoa udongo wa juu pamoja na kila kitu kilichokuwa tayari kufufuka.

Kwa hiyo kurasa ninazozipigania zaidi kwenye ripoti ni za chini ya ardhi. Huchimba, nikaandika mizizi imefika wapi, kina cha udongo wa juu ni sentimita ngapi, na ni udongo wa daraja gani. Udongo wa mwinuko usichanganywe na wa mbuga. Usirundikwe mlima, katikati ya rundo kubwa hakuna hewa, mbegu na kuvu hufa. Bora usombwe moja kwa moja hadi eneo linalofukiwa. Na kifusi cha mgodi, kama kuna hiari, kiwekwe kwenye shamba la zamani, msitu uliosimama uachwe.

Mwisho huacha ploti kadhaa nje ya mpaka wa mgodi, za kulinganishia. Mgodi wa Golden Pride, hapa hapa Nzega, ulianza kutoa dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1990 na ukafungwa mwaka 2014. Atakayeulizwa kama ardhi imepona lazima awe na kitu cha kulinganisha nacho. Pembe za ploti nilikuwa naziwekea nondo. Zilikuwa zinang'olewa kabla sijafika Tabora mjini, vyuma chakavu vina bei. Sasa nazika jiwe lililopakwa rangi, naandika namba za jipiesi, na namwonyesha mrina asali.