Flashi iliyorudi na mshale

Wanaoleta kompyuta kwenye dawati letu hapa chuoni Kampala huanza kwa maneno yaleyale: imezeeka, inataka RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mara nyingi haijazeeka. Imeambukizwa.

Mwanafunzi amekwenda mtaa wa Wandegeya kuchapa tasnifu. Kompyuta ya dukani imepokea flashi za watu tangu asubuhi. Akirudi chumbani, kila folda ina mshale mdogo pembeni na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Hiyo si folda, ni njia ya mkato; folda yenyewe imefichwa. Akiibofya hufunguka kama kawaida, ndiyo maana hashtuki, kumbe kirusi kimeshahamia kwenye kompyuta yake.

Usibofye, wala usikimbilie kufomati, kwa sababu kazi yako bado imo. Kagua flashi kwa Windows Security, ambayo tayari imo ndani ya Windows 10 na 11. Kisha fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Folda zitajitokeza. Safari nyingine mtumie mwenye duka PDF kwa WhatsApp, flashi ibaki nyumbani.

Wengi huzima masasisho ili kuokoa bando, na siwalaumu. Lakini Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba mwanya wa usalama katika Windows, ambacho wengi hawakukiweka. Mei 12 programu hasidi ya WannaCry ikaupitia mwanya huohuo, ikafunga mafaili duniani kote na kudai fidia. Ukitumia hotspot ya simu, iweke kama “metered”, yaani mtandao wa kupimwa, masasisho mazito yasubiri Wi-Fi ya chuo. Windows 10 nayo iliacha kupewa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025.

Kuna pia zile programu za kulipia “zilizovunjwa”. Nyingi hukutaka uzime kinga kwanza. Mgeni anayetaka mlinzi aondolewe kabla hajaingia, anaingia kufanya nini? LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, ni ya bure, na barua ya kuomba kazi inaandikika humo vizuri tu.

Baada ya hayo ndipo tuzungumzie kasi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Startup, zima programu zisizohitajika kompyuta inapowaka. Kama bado inajikokota na ina diski ya kuzunguka, pesa ya RAM nunulia SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi.