Ukibadili anwani ya IP, usitegemee njia zibaki zilivyo

Wengi wanaosimamia seva za Linux huamini kwamba anwani na njia za mtandao ni mambo mawili yasiyogusana: badilisha anwani ya eth0 (jina la kadi ya mtandao), njia zitabaki palepale. Sivyo. Ukifuta anwani ya IPv4 iliyo pekee kwenye kadi, kerneli (kiini cha Linux) hufuta njia zote za IPv4 zinazopitia kadi hiyo, ikiwemo ile ya kutokea intaneti. Ukiweka anwani mpya, inayorudi yenyewe ni njia ya mtandao wa karibu tu, tuseme 192.168.1.0/24. Nyingine uzirudishe mwenyewe, kwa mfano:

ip route add default via 192.168.1.1

Aliyeingia kutoka mbali kwa SSH (njia ya kuendesha seva kupitia mtandao) hukatika papo hapo, hata nafasi ya kuandika amri hiyo hapati.

“Basi naongeza mpya kwanza, ndipo nifute ya zamani.” Wazo zuri, ila lina mtego wake. Anwani hizo mbili zikiwa za mtandao mmoja, mpya huhesabiwa ya pili, na ukifuta ya kwanza hiyo mpya nayo inaondoka, isipokuwa mpangilio wa kerneli uitwao promote_secondaries uwe 1. Uangalie kwa amri ya sysctl kabla hujagusa kitu.