Mbunifu mkuu kaondoka, je, prosesa imekufa?

Septemba 2015 nilimpa mteja ushauri mbaya, na mpaka leo unaniuma. Alikuwa mpiga video za harusi wa Buzuruga, hapa Mwanza. Kila Jumatatu alikuwa akiingia dukani kwangu, nyuma ya Makoroboi, macho mekundu, kwa sababu mashine yake ilikesha ikirenda, yaani ikiunganisha vipande kuwa video kamili, send-off ya Jumamosi na yeye alikesha nayo akiomba umeme usikatike. Safari hiyo alikuja na swali moja: "Fundi, ninunue mashine mpya sasa, au nisubiri hiyo Zen ya AMD wanayoisema?"

AMD ni kampuni inayobuni prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, na ni mpinzani wa Intel; Zen ilikuwa prosesa yake mpya iliyokuwa bado jikoni. Wiki hiyohiyo ilikuwa imetangazwa kwamba Jim Keller, mbunifu wake mkuu, ameacha kazi AMD. Kwa wanaofuatilia mambo ya chipu, Keller si mtu wa kawaida. Aliongoza usanifu wa K8, ule uliozaa Athlon 64. Baadaye akawa Apple wakati wa chipu za A4 na A5, na Agosti 2012 AMD wakamrudisha nyumbani, wakati ambao prosesa zao za Bulldozer zilikuwa zinachekwa kila kona. Kazi aliyopewa ilikuwa kuanza upya. Zen ndiyo ilikuwa matokeo ya kazi hiyo, na haikuwa imeingia sokoni. Hisa za AMD mwaka huo wa 2015 zilishuka chini ya dola 2. Sasa mtu wa namna hiyo anafunga virago kabla prosesa yake haijaonekana! Tetesi zikawaka: Zen imefeli, Keller ameona mbele akajitoa mapema.

Nikasoma, nikaamini. Nikamwambia yule bwana: "Ndugu yangu, usisubiri. Nahodha haruki majini kama meli haizami." Akanunua kompyuta ya kori 4, yaani vitengo vinne vya kazi ndani ya prosesa moja, kwa akiba ya msimu mzima wa harusi.

Machi 2017 Zen ikatoka kwa jina la Ryzen. AMD walikuwa wameahidi kwamba kila kori, kwa mwendo uleule wa saa (mapigo ya prosesa kwa sekunde), itafanya kazi asilimia 40 zaidi ya kizazi kilichotangulia. Ikaja na 52. Ryzen 7 1800X, kori 8 na thredi 16 (mikondo ya kazi, miwili kwa kila kori), ilitangazwa kwa dola 499, wakati kori 8 za Intel za daraja hilo zilikuwa zinauzwa zaidi ya dola 1,000. Kurenda video ndiyo hasa kazi inayokula kori nyingi. Mteja wangu angekuwa analala usingizi wake kwa nusu ya bei ya kori 8 za Intel.

Nilikosea wapi? Sikuhesabu miezi.

Prosesa haichorwi leo ikauzwa kesho. Mwanzoni kabisa kuna kundi dogo la watu wanaobishana: maagizo mangapi yasomwe kwa mpigo mmoja, kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya chipu, ikae wapi na iwe kubwa kiasi gani, kori ijitegemee au ichangie vitu na jirani yake. Hapo ndipo mbunifu mkuu anapokula jasho lake. Bulldozer, kwa mfano, ilizifunga kori mbili mbili, zikawa zinachangia kitengo kimoja cha hesabu za desimali. Uamuzi huo ulipitishwa mwanzoni, na gharama yake ikalipwa miaka na miaka. Zen ikarudi kwenye njia ya kila kori na vyake, na kila kori ikabeba thredi mbili.

Mabishano hayo yakiisha, wanaingia mamia ya wahandisi. Wapo wanaoandika saketi mstari kwa mstari kwa lugha maalumu. Wapo wanaozijaribu kwa programu za kuigiza, usiku na mchana, wakisaka kosa ambalo likipita hapo halitafutika tena. Intel walionja uchungu huo 1994, pale kosa la kugawanya kwenye Pentium lilipowagharimu dola milioni 475. Wengine kazi yao ni kupanga transista, zile swichi ndogo kabisa, na nyaya zake zitoshee kwenye eneo la ukubwa wa ukucha, bila joto kupindukia. Chipu ya kwanza ya Zen yenye kori 8 ina transista bilioni 4.8. Mchoro ukikamilika unafungwa, unapelekwa kiwandani kutengenezewa maski (vielelezo vya kuchapia saketi kwenye silikoni), na sahani za silikoni zinakaa humo miezi zikipita hatua mamia kwa mamia. Chipu za kwanza zikirudi, uwindaji wa makosa unaanza upya. Ukijumlisha yote, ni miaka minne, pengine mitano.

Mimi jambo hili sikulielewa kwa kusoma tu. Nililiona Kayenze, nilipokwenda kumwona shemeji yangu anayejengewa mtumbwi. Mkuku, uti wa mgongo wa mtumbwi, ulikuwa umeshalazwa juu ya magogo, mataruma yamesimama kama mbavu za samaki aliyekwisha kuliwa, na vijana wawili walikuwa wanapigilia mbao za ubavuni. Mwingine alikuwa amechuchumaa anasokomeza pamba kwenye nyufa kwa patasi butu, kalafati ya polepole, shimo kwa shimo. Nikauliza fundi mkuu yuko wapi. Wakasema ameondoka wiki ya tatu sasa, ana mtumbwi mwingine anaulaza upande wa Ukerewe. Shemeji hakuwa na wasiwasi hata chembe. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu pembeni, nikamuuliza kama si hatari. Akanyoosha kidole kwenye mataruma: "Mtumbwi si huo hapo? Kilichobaki ni mikono." Ila akaongeza kwamba fundi angeondoka kabla mataruma hayajasimama, basi hata yeye angekuwa na wasiwasi.

Nahodha wangu wa 2015 hakuwa mfano sahihi. Keller alikuwa yule fundi wa Kayenze. Chukua kalenda uone. Amefika Agosti 2012, ameondoka Septemba 2015: miaka mitatu na zaidi kidogo. Siku ilipotangazwa kwamba anaondoka, AMD walisema sampuli za Zen zitatoka 2016 na mwaka wa kwanza kamili wa mauzo utakuwa 2017. Agosti 2016 wakaiwasha hadharani, ikarenda picha kwa programu ya Blender bega kwa bega na prosesa ya Intel ya kori 8, zote zikiwa zimewekwa kwenye gigahezi 3. Chipu iliyokuwa hai Agosti 2016 haiwezi kuwa na mifupa iliyokuwa inatafutwa bado Septemba 2015. Mataruma yalikuwa yamesimama zamani. Na waliobaki hawakuwa vibarua: Mike Clark, msanifu kiongozi wa Zen yenyewe, alikuwepo, na Suzanne Plummer alikuwa anaongoza timu ya kori hiyo kule Austin, Texas. Majina haya hayakuwa kwenye tetesi hata moja niliyoisoma.

Lakini nisivuke mpaka upande wa pili. Kuondoka kwa mbunifu mkuu kuna maana yake, ila tunaitafuta mahali isipokuwepo. AMD walikuwa na ndugu wa Zen aitwaye K12, prosesa ya mtindo wa ARM, ule unaotumika sana kwenye simu, waliyoitangaza 2014, nayo ikiwa chini ya Keller huyohuyo. Ikasogezwa mbele, na mwisho haikuuzwa kabisa. Sisemi iliuawa na kuondoka kwake. Kampuni ilikuwa haina fedha za kulea watoto wawili. Ninachosema ni kwamba kazi ambayo haijasimamisha mataruma ndiyo inayoyumba, na wale wa tetesi walikuwa wanaangalia mtumbwi ambao umeshapigiliwa mbao.

Mwangalie Federico Faggin, mbunifu wa prosesa za Intel. Aliondoka Intel mwishoni mwa 1974, miezi michache baada ya prosesa ya 8080 kuingia sokoni. 8080 haikudhurika. Kilichowapata Intel kilikuja 1976, pale kampuni aliyoianzisha, Zilog, ilipotoa Z80, iliyoendesha programu za 8080 na kuwapokonya wateja. Mwangalie pia Gerard Williams, aliyeongoza usanifu wa kori za Apple kwa miaka mingi. Aliondoka 2019. Mwaka uliofuata Apple wakatoa chipu ya M1, na dunia ikashika kinywa. Yeye alianzisha kampuni ya Nuvia, Qualcomm, wale wa chipu za simu, wakainunua 2021 kwa dola bilioni 1.4, na laptopu zenye kori zilizotoka kwa timu ile zikafika madukani katikati ya 2024. Kuondoka 2019, mavuno 2024, tena kwenye shamba jingine. Ndiyo miaka mitano ileile.

Kwa hiyo siku hizi mtu akinijia na habari kwamba mbunifu fulani kaacha kazi, namuuliza kwanza: hiyo prosesa inatarajiwa lini? Kama ni ndani ya miaka miwili, basi jina lake liko ndani tayari, abaki au aende. Kama ni miaka minne mbele, hapo hata mimi nakaa macho. Swali la pili ni kama kuna aliyeiona chipu ikiwaka. Sampuli inayorenda ina uzito kuliko maneno ya watu kumi. La tatu nalisema kwa ajili yetu sisi wa Kanda ya Ziwa: mashine nyingi ninazofungua hapa ni za mtumba, zimetumika maofisini Ulaya au zimepitia Dubai, na zinatufikia zikiwa na miaka minne au mitano. Mtu anayenunua mashine ya namna hiyo leo, mbunifu wake anaweza kuwa amebadilisha kampuni mara mbili, na haimhusu kitu. Kinachomhusu ni feni, betri, na kama diski ni ya SSD.

Yule bwana wa Buzuruga alirudi 2017. Hakunilaumu, ingawa ningestahili. Nilimfungia Ryzen 7 1700 kwenye ubao mama (motherboard) wa B350, na sikuchukua hela ya ufundi. Mwaka 2022 akarudi tena, kazi zimekuwa za 4K. Mwaka huo ubao ule wa 2017 ulikuwa umepata BIOS, programu ya kuuamsha ubao, ya kupokea prosesa mpya zaidi za Zen 3, kwenye soketi ileile ya AM4. Nilisasisha BIOS kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, UPS chini ya meza, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi lile ubao unakuwa tofali. Kisha nikazima, nikang'oa feni taratibu kwa kuizungusha kidogo kidogo ili isije ikang'oka na chipu, nikafuta ile grisi ya joto iliyokauka kama unga wa muhogo kwa kitambaa chenye spiriti, nikabadilisha prosesa, nikaweka grisi mpya ukubwa wa punje ya harage. Nikabonyeza kitufe. Skrini ikakaa nyeusi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, halafu ikaorodhesha: kori 8, thredi 16. Jioni aliniandikia kwamba harusi ya Nyegezi imemaliza kurenda kabla ya swala ya magharibi.