Kurejesha Kijito Nako Kuna Athari: Namna ya Kuzihesabu Kabla ya Kuomba Kibali

Malalamiko kwamba vibali vya kurejesha vijito kwenye hali ya asili vinachelewa yanaongezeka. Mara nyingi kinachochelewesha ni jedwali la athari, yaani sehemu ya ombi inayoorodhesha kitakachoguswa kijitoni, lililojazwa sifuri. Mwombaji anaandika "hakuna athari, mradi unaboresha kijito", faili linarudishwa, na msimu wa kazi unapita.

Tuelewane. Nia ya mradi ni jambo moja, athari zake ni jambo lingine. Kuweka mawe, udongo au magogo kijitoni ni kujaza, hata kama lengo ni makazi ya samaki. Marekani, kifungu cha 404 cha Sheria ya Maji Safi ya 1972 hakimwachi mrejeshaji nje. Kipo kibali cha jumla namba 27 kinachomrahisishia njia, lakini kwa sharti kwamba mradi uongeze kazi na manufaa ya kiikolojia ya maji. Ongezeko hilo haliwezi kuonyeshwa bila kwanza kusema nini kitaguswa.

Anza na mpaka wa kijito, yaani alama ya kimo cha juu cha kawaida cha maji kwenye kingo zote mbili. Si pale mafuriko makubwa yalipofika, wala pale maji yalipo siku unayopima wakati wa kiangazi. Tafuta mstari uliochongwa na maji ukingoni, mahali mimea ya nchi kavu inapoanzia, udongo unapobadilika, na takataka zilizonasa kwa usawa mmoja. Dalili moja haitoshi. Pima upana sehemu kadhaa na uchukue wastani. Sehemu moja nyembamba iliyochaguliwa kwa makusudi huonekana kwenye ramani, msijisumbue.

Urefu hufuata mapindo ya kijito, haukatizi kama kamba iliyonyooshwa. Ukiweka mawe kwenye kingo zote mbili za kipande cha mita 50, hiyo ni mita 50 za kijito na mita 100 za ukingo. Andika zote mbili. Ukifukia mkondo wa zamani wa mita 180 na kuchimba mpya wenye mapindo wa mita 240, usiandike "faida mita 60". Andika mita 180 zimepotea kwa kudumu, mita 240 zimeundwa. Mkondo mpya hauna wadudu wa majini, kivuli wala mizizi ya kushika kingo, na huenda ukakaa miaka kabla ya kufanya kazi ya ule wa zamani. Kutoa kimoja kwenye kingine ni kazi ya mkaguzi.

Athari za muda ndizo husahaulika zaidi. Mabwawa mawili ya mifuko ya mchanga yakikausha kipande cha mita 40 chenye upana wa wastani wa mita 3.5, hizo ni mita za mraba 140, siyo tu eneo lililokaliwa na mifuko. Ongeza kivuko cha mitambo. Eleza pampu itakayopitisha maji pembeni: uwezo wake, wavu wa kuzuia samaki, pampu ya akiba, na mawe ya kuvunja nguvu ya maji yanakotokea. Pampu moja ikizimika usiku, maji hupanda juu ya bwawa na kusomba udongo wote uliochimbwa. Samaki wahamishwe kabla ya kukausha. Na kifusi kisichoondolewa si athari ya muda tena, hata mkikiita hivyo.

Kuna athari zisizoingia kwenye mita za mraba. Kuinua sakafu ya kijito ili maji yafike tena kwenye uwanda wake wa mafuriko kunaweza kupandisha mafuriko kwa jirani. Kubomoa bwawa kuukuu huachia mashapo yaliyolala nyuma yake, pengine yenye sumu, na mmomonyoko wa sakafu unaweza kupanda kuelekea juu hadi kwenye nguzo za daraja. Ndiyo maana sisi wakaguzi wa maombi tunadai mchoro wa mteremko wa sakafu unaovuka mipaka ya mradi, juu na chini. Si urasimu.

Ukizidi eneo lililoidhinishwa, hatua hufuatana hivi: amri ya kusimamisha kazi, kupima upya sehemu iliyoguswa, kuondoa kifusi kwa gharama yako, kisha ombi la kurekebisha kibali, ambalo halihakikishiwi kukubaliwa. Faini hutegemea sheria ya nchi. Marekani inaweza kuhesabiwa kwa kila siku ya ukiukaji. Kwa hiyo mabadiliko ya mchoro, hata ya mita tano, yaletwe kwa maandishi kabla mtambo haujaingia majini.

Kazi ikiisha, leteni michoro ya kilichojengwa kweli, si nakala ya usanifu, pamoja na picha zilizopigwa kabla na baada kutoka vituo vile vile, zikielekea upande ule ule.