Kabla hujafungua porti, soma anwani ya WAN

Umefungua porti, yaani mlango wenye namba wa kupokea maombi kutoka mtandaoni, na bado watu wa nje hawakufikii? Ruta si mbovu. Nimeshalisema hili mara nyingi mno pale Mwanjelwa, Mbeya, sasa naliandika.

Jumamosi kijana mmoja wa Uyole aliniletea ruta yake ya tatu, ya laini ya simu, akaiweka mezani. "Shikamoo fundi. Na hii nayo haifungui porti." Chumbani kwake ana kompyuta kuukuu aliyoigeuza seva ya wavuti, yaani mashine inayohudumia tovuti yake. Kila asubuhi anaweka bei za viazi mviringo, ili mkulima wa Uporoto azione kabla hajakaa na dalali. Kazi ya maana kabisa. Lakini kila aliyemuuliza alimpa jibu lile lile: fungua porti 80, ikigoma badilisha ruta. Fedha ya ruta mbili imekwenda hivyo.

"Marahaba. Iwashe, tuone ukurasa wa hali." Kwenye mstari wa WAN, yaani anwani ya ruta upande wa mtoa huduma, palisomeka anwani inayoanza na 100.81. Nikafungua tovuti ya kuonyesha IP, yaani anwani ambayo mtandao wa nje unakuona nayo, kupitia ruta hiyo hiyo, ikatoa anwani nyingine inayoanza na 197. Hazifanani. Hapo uchunguzi umekwisha, na porti hatujaigusa.

Anwani za kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma, wazitumie kati yao na wateja wao. IPv4, mfumo wa zamani wa anwani hizi, nzima ina anwani kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Kwa hiyo mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kuchangia anwani hivyo huitwa NAT, na ikifanywa na mtoa huduma ndiyo CGNAT. Fikiria nyumba ya kupanga yenye geti moja: umeacha mlango wa chumba chako wazi, lakini mgeni yuko getini na mlinzi hajaambiwa amwelekeze kwako. Ukiona WAN inaanza na 10, au 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, nayo si ya umma. Ila hapo chunguza kwanza kama hujaunganisha ruta yako nyuma ya modemu ambayo nayo inafanya NAT. Hiyo unaitatua mwenyewe nyumbani.

Sasa niseme linaloniudhi kuliko yote. Mtu akishaambiwa haya, anajibu: "Aa, kumbe IP yangu inabadilika, ngoja niweke DDNS." Hapana. Anwani inayobadilika na anwani ya kuchangia ni magonjwa mawili tofauti. DDNS, huduma ya kuelekeza jina la tovuti kwenye anwani yako ya sasa, inatibu la kwanza: anwani ni yako peke yako, ila kesho itakuwa nyingine, basi jina linaifuata. Kwenye CGNAT jina lako litaelekea sawasawa kwenye geti la mtoa huduma na kuishia hapo. Kijana wangu alikuwa amelipia jina kwa miezi kadhaa. Jina lilifanya kazi yake vizuri, ila kila mgeni lilimwacha getini.

Jambo la pili linaloniudhi ni kujipima ukiwa ndani. Zima waifai ya simu, tumia bando, ndipo ujaribu. Ruta nyingine hurudisha ndani ombi lililotoka ndani, nyingine hazirudishi, kwa hiyo jibu lolote utakalopata sebuleni halithibitishi kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mteja wa Forest kwamba seva yake iko hewani kwa kuwa ilifunguka kwenye laptopu yangu, nikiwa kwake. Haikuwa hewani. Tangu siku ile nawasha tcpdump, programu inayoonyesha kila pakiti ya data inayofika, kwenye seva na kumwomba mtu wa nje afungue ukurasa. Pakiti isipoonekana kabisa, tatizo liko kabla ya seva. Ikionekana bila kujibiwa, tazama faiawoli, ukuta wa programu unaozuia mawasiliano, kisha hakikisha programu ya seva haisikilizi 127.0.0.1 peke yake, yaani maombi ya kompyuta ile ile tu. Seva iwe na IP moja ya kudumu ndani. Na usiiweke DMZ, yaani kuifungulia porti zote kwa mkupuo, kwa hasira, unaianika yote.

Dawa zipo. Omba anwani ya umma kwa mtoa huduma, kwa kawaida inalipiwa. IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi mno, ukiwa nayo hukwepa geti hili, lakini mgeni mwenye IPv4 pekee hatakufikia. Au kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, nyumbani uipigie kwa WireGuard, programu ya kujenga njia ya siri kati ya mashine mbili, na wageni wapitie huko kuja kwako. Kwa kuwa mawasiliano yanaanzia ndani, geti linayaruhusu. Weka PersistentKeepalive 25, itume pakiti ndogo kila sekunde 25, la sivyo geti litasahau njia.

Hapo kijana akaniuliza: "Kama nakodi seva, si niweke tovuti huko huko?" Kwa kurasa za bei tu, mimi ningeziweka huko, maana umeme wa Uyole ukikatika na bei zinapotea. Yeye anataka kumbukumbu zake za misimu yote zikae chumbani kwake, na katika hilo sikuwa na hoja ya kumshinda.

Tukafunga WireGuard. Nikazima waifai, nikafungua kwa bando, bei ya gunia ikatokea. Zile ruta mbili za kwanza bado anazo, nzima kabisa. Akitaka kuziuza, mnunuzi asiambiwe hazifungui porti.